Ulaya wazazi walipia jembe, kwetu jembe ni adhabu

IFIKAPO mwishoni mwa Machi, theluji inapoyeyuka nchini Ujerumani na katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, walimu wa shule zinazojulikana kwa jina la Waldorf huwatoa watoto darasani na kuwapeleka bustanini. Ni majira ya machipuko, kipindi kilicho kati ya baridi kali na kiangazi, ambacho sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatuna, isipokuwa tukikilinganisha na wiki za kwanza za masika, ardhi inapolowa na kila mwenye jembe kulitafuta lilipo.

Wanachokifanya watoto hao bustanini hakiwezi kumshangaza mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania au Kenya. Wanapalilia, wanageuza mboji, wanainua matuta na kusia mbegu za mboga. Kinachoshangaza ni kwamba wengi wa wazazi wao, watu wa mijini wenye elimu na kipato cha kuridhisha, wanalipa ada ili watoto wao wafanye hivyo.

Huku kwetu jembe la shule lina historia nyingine. Aliyechelewa namba alikatiwa eneo la kulima. Aliyepiga kelele darasani alichimba shimo la takataka. Mzazi aliyejinyima ili mwanawe asome aliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba maana ya kusoma ni kuepukana na jembe. Swali linalostahili kuulizwa, hasa wakati huu ambapo Kenya na Tanzania zimerudi kuzungumzia stadi za mikono katika mitaala yao, ni kwa nini kazi ile ile iwe elimu kule na adhabu huku.

Jibu la kwanza limo katika namna somo linavyopangwa. Katika shule ya Waldorf, asubuhi huanza kwa somo kuu la takriban saa mbili, na mada moja hufundishwa mfululizo kwa wiki tatu au nne kabla ya kuhamia nyingine. Mwalimu wa darasa huwapokea watoto wakiwa na umri wa miaka sita au saba na, kwa kawaida, huendelea nao hadi miaka minane. Kwa hiyo anayewapeleka shambani ndiye anayewafundisha hesabu na lugha, naye anakumbuka walichokipanda mwaka uliopita.

Darasa la tatu ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa shughuli hizi. Mada zake ni kilimo na ujenzi wa nyumba. Katika shule nyingi, watoto wa darasa hilo husia ngano kabla ya baridi kuanza, na majira ya machipuko yanapofika hutoka kwenda kuitazama imeinuka kiasi gani. Mwaka huo huo hesabu zao ni za vipimo: urefu, uzito, ujazo, muda na fedha. Mtoto aliyepima tuta kwa hatua zake, kisha kwa kamba, kisha kwa rula, ameshaelewa mita ni kitu gani kabla haijaandikwa ubaoni. Ngano inapovunwa hupurwa, husagwa na kuokwa mkate, nao mkate huo huliwa na waliolima.

Darasa la tano husoma elimu ya mimea, kuanzia uyoga na kuvu, kupanda hadi mimea yenye maua na miti mikubwa. Badala ya kutegemea kitabu cha kiada, kila mwanafunzi huandika na kuchora daftari lake mwenyewe kutokana na alichokiona na alichosimuliwa. Darasa hilo pia husoma historia ya Ugiriki ya kale, na huko Marekani shule nyingi hukutana katika machipuko kushindana kwa mbio, kuruka, mieleka, kurusha kisahani na kutupa mkuki kwa mtindo wa Wagiriki.

Jembe, kwa hiyo, haliko nje ya ratiba. Linatoka darasani na kurudi darasani. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na shamba la shule kama wengi wetu tunavyolifahamu, ambako mwalimu husimama kivulini na fimbo, mahindi huvunwa, na hakuna hesabu hata moja inayofanywa juu ya mahindi hayo.

Itakuwa si haki kudai kwamba fikra hii ni ngeni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alitaka shule iwe jumuiya inayozalisha, na alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mazao yao. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyosahaulika haraka. Kazi ilibaki, uamuzi ukachukuliwa na wakubwa, na kilichokusudiwa kuwa elimu kikageuka nguvukazi ya bure. Hata neno lenyewe, kujitegemea, katika shule nyingi likaishia kuwa jina la kipindi cha kufyeka nyasi.

Jibu la pili ni jumuiya ya wazazi, nalo lina utata zaidi.

Shule ya kwanza ya Waldorf ilifunguliwa mjini Stuttgart tarehe 7 Septemba 1919. Mwasisi wake, Emil Molt, alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, na ndiko lilikotoka jina la shule. Aliitaka kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake, akamwomba mwanafalsafa Rudolf Steiner aiongoze. Kati ya wanafunzi 256 walioanza, 191 walitoka katika familia za kiwandani, na kiwanda ndicho kilichowalipia. Watoto wa vibarua waliketi dawati moja na watoto wa mabwana, wavulana pamoja na wasichana, jambo ambalo kwa Ujerumani ya wakati ule halikuwa la kawaida. Utawala wa Wanazi uliifunga shule hiyo mwaka 1938, ikafunguliwa tena baada ya vita.

Leo shule za aina hii zinazidi 1,000 duniani, lakini si rahisi kumpata mtoto wa mfungasha sigara. Nchini Ujerumani shule binafsi hupata ruzuku ya serikali, na ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 1949 inakataza zisiwatenge watoto kwa kigezo cha mali za wazazi wao. Shule nyingi za Waldorf huko hupanga ada kulingana na kipato. Marekani hali ni ngumu zaidi, kwani shule binafsi hutegemea ada na michango. Zipo shule za umma zilizochukua mfumo huu, kama ile iliyofunguliwa mjini Milwaukee mwaka 1991, lakini ni chache zikilinganishwa na zile za kulipia.

Na si fedha peke yake. Nenda katika sherehe ya machipuko ya shule hizi, ile ya Mei ambapo watoto hucheza wakizunguka mlingoti uliofungwa riboni za rangi, nawe utaona kila kitu kimefanywa na wazazi: keki, mashada ya maua, wanasesere wa sufu, meza za mnada wa kuchangisha. Jumuiya hiyo ni ya kweli, na mgeni huihusudu. Lakini mtu wa kuoka keki Ijumaa na kusimama mezani Jumamosi kutwa ni mtu mwenye Ijumaa na Jumamosi. Mama anayefanya kazi za zamu katika sehemu mbili ana siku chache za namna hiyo. Shule haijamfungia mlango, ila amekuta karamu imeshapangwa na wengine.

Jumuiya iliyoshikamana hivyo pia hushikamana katika makosa yake. Katika nchi za baridi, surua huzidi kuenea mwishoni mwa majira ya baridi na katika machipuko, na shule kadhaa za Waldorf zimewahi kujulikana kwa wazazi wengi kukataa chanjo. Mwaka 2018, katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina, wanafunzi 36 wa shule moja ya aina hiyo waliugua tetekuwanga. Ujerumani iliamua kutunga sheria, na kuanzia tarehe 1 Machi 2020 mtoto anayeingia shule yoyote lazima athibitishe kinga dhidi ya surua, la sivyo mzazi anaweza kutozwa faini ya hadi euro 2,500.

Msomaji wa Afrika anapaswa kujua jambo jingine. Katika mihadhara na maandishi ya Steiner, aliyefariki mwaka 1925, yamo madai ya kuwapanga binadamu kwa ngazi za rangi. Umoja wa shule za Waldorf za Ujerumani ulitoa tamko mjini Stuttgart mwaka 2007 kupinga ubaguzi wa rangi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, tamko hilo lilichelewa mno, ingawa ni bora kuliko kimya.

Mfumo huu umeshafika hapa. Shule ya Mbagathi, nje kidogo ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1989, na Dar es Salaam ipo Hekima. Sherehe zilizozaliwa Ulaya zinapohamia huku hukutana na kalenda isiyozitambua. Pasaka ya Stuttgart huja na maua ya kwanza baada ya miezi ya weupe mtupu; Pasaka ya Afrika Kusini huangukia majani yakipukutika; yetu huja na matope. Mwalimu anayewafundisha watoto wa Dar es Salaam kushangilia kuondoka kwa theluji atakuwa amewakaririsha. Akiwatoa nje mvua ya kwanza inapokatika, wakahesabu siku za mhindi kuchomoza, atakuwa amefanya kile kile kinachofanywa Stuttgart.

Hayo yanahusu shule za watu wachache. Shule za umma ndizo zenye watoto wengi, na ndizo zinazodaiwa kubadilika. Kenya ilianza kutekeleza mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini mwaka 2019, na kilimo ni sehemu yake. Tanzania, kwa sera ya elimu ya mwaka 2014 toleo la mwaka 2023, imeanzisha mkondo wa amali. Karatasi zinasema vizuri. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumfuata kila mtoto hadi kwenye tuta lake, na mtihani wa mwisho ukiendelea kuuliza ya kukariri, shamba litarudi kuwa mahali pa kuwapeleka wachelewaji.

Kisingizio kinachosikika zaidi mijini ni kukosa ardhi. Kina ukweli, kwani shule nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hazina hata uwanja wa mpira. Lakini katikati ya Manhattan, jijini New York, ipo shule ya Waldorf tangu mwaka 1928, nayo haina shamba. Madarasa ya shule za jiji hilo huchukuliwa hadi shamba la Hawthorne Valley, kaskazini mwa jimbo, wakalala huko siku kadhaa, wakilisha ng'ombe, wakilima na kupika walichokichuma. Kutoka Dar es Salaam hadi mashamba ya Kibaha si mbali kuliko safari hiyo, na zipo shule za vijijini zenye ekari nyingi ambazo hazijawahi kualika darasa la mjini hata kwa wiki moja ya masika.