Sheria na Sayansi: Elimu Mbili kwa Mtu Mmoja

Wanafunzi wengi wa sekondari hudhani kwamba apendaye sheria hana haja ya kemia, na apendaye kemia hana haja ya sheria. Kwa maoni yangu, dhana hiyo inalitia taifa hasara.

Tuchukue mfano wa mwarobaini, mti tunaoupanda majumbani mwetu. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi, kwa njia ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa mafuta ya mbegu za mti huo. Mwaka 1995 wapinzani, miongoni mwao Vandana Shiva wa India, waliweka pingamizi wakisema kwamba jambo hilo lilikwisha kujulikana India. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufani ikakataliwa mwaka 2005. Malalamiko matupu yasingalitosha. Ilibidi kuthibitisha mafuta yalipatikanaje, yalitumiwaje, na tangu lini. Maswali yalikuwa ya kisayansi. Hukumu ilikuwa ya kisheria.

Nchini Marekani, baadhi ya vyuo vikuu humruhusu mwanafunzi kusomea shahada ya sheria pamoja na ya uzamivu. Sheria pekee huchukua miaka 3, na uzamivu aghalabu 5 au zaidi. Zikiunganishwa, muda hupungua kidogo. Tena huko, anayetaka kuwawakilisha wavumbuzi mbele ya ofisi ya hataza hana budi kuwa na elimu ya sayansi au uhandisi, kisha afaulu mtihani maalumu.

Sisemi kwamba kila kijana aifuate njia hiyo. Ni ndefu na ya gharama. Aidha, huko sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, hali kwetu Tanzania yenyewe ndiyo shahada ya kwanza. Kwa walio wengi, yatosha kubobea katika elimu moja na kuielewa lugha ya ile nyingine. Hata hivyo, nchi yenye mitishamba na mbegu za asili inahitaji angalau wachache wenye elimu zote mbili, la sivyo itategemea wageni kuitetea mali yake.

Kwa hiyo, walimu, msimwondoe maabara mwanafunzi kwa sababu tu ni hodari wa midahalo. Huenda huyo ndiye atakayetutetea kesho.