Vitamini D inaua kansa... kwenye kisahani

Haya wadau, leo sina habari za boom wala za foleni ya kantini. Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu za watu hapa mabwenini, eti wazungu wamethibitisha vitamini D inaua kansa, kwa hiyo mgonjwa aote jua la mchana au anunue vidonge, basi, mambo ya mionzi ni ulaji wa watu tu. Na wanaousambaza si watu wa mtaani peke yao. Ni sisi sisi wasomi, tena wa sayansi! Nataka kubishana kidogo.

Kwanza tuwe wakweli, jambo lenyewe halikuanguka toka mbinguni. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Cedric na Frank Garland, waliangalia vifo vya kansa ya utumbo mpana nchini kwao wakaona majimbo ya kaskazini, yenye jua hafifu, yana vifo vingi kuliko ya kusini. Wakauliza, je, sababu si vitamini D? Mwaka uliofuata, 1981, Kay Colston na wenzake wakaonyesha kuwa seli za melanoma, ile kansa kali ya ngozi, zikiwekewa vitamini D iliyokamilika zinapunguza kasi ya kukua. Mwaka huohuo Wajapani nao wakazifanya seli za kansa ya damu ya panya zikomae na kufanana na seli za kawaida za ulinzi.

Inafanyaje kazi? Ngozi ikipigwa na jua inatengeneza vitamini D, inapita kwenye ini, halafu kwenye figo, na huko ndiko inakuwa kalsitrioli, yenye nguvu yenyewe. Kalsitrioli ikiingia kwenye seli inashikana na kipokezi chake, kisha pamoja wanawasha jeni fulani na kuzima nyingine. Katika seli nyingi za kansa protini iitwayo p21 inaongezeka, na hiyo ni kama trafiki pale njia panda: inanyoosha mkono, seli inasimama kabla haijanakili DNA yake, haigawanyiki. Seli nyingine zinajiua kabisa. Kwa hiyo mtu akisema vitamini D inazuia seli za kansa kukua, hajadanganya.

Tatizo ni kwamba sentensi inakatwa katikati. Inazuia wapi? Kwenye kisahani cha maabara. Kwa kiasi gani? Majaribio mengi ya namna hiyo hutumia kalsitrioli nanomoli 10 hadi 100 kwa lita, wakati kwenye damu ya mtu mwenye afya iko kama nanomoli 0.1. Yaani mara 100 hadi 1,000! Ukilazimisha kiwango hicho mwilini kalsiamu inapanda kwenye damu, mtu anatapika, anachanganyikiwa, figo zinaharibika. Kisahani hakina figo jamani.

Na watu wamejaribu. Wagonjwa 953 wa kansa ya tezi dume iliyosambaa waliingizwa kwenye jaribio lililoitwa ASCENT-2. Wote walipewa dawa ya kansa, dosetakseli, na nusu yao wakaongezewa kalsitrioli ya dozi kubwa. Jaribio la kabla yake lilikuwa limetia matumaini kweli. Mwaka 2007 hili likasimamishwa, maana waliopewa kalsitrioli walikuwa wanakufa zaidi. Ratiba ya dosetakseli nayo haikuwa sawa kwa makundi yote mawili, kwa hiyo si haki kuitupia kalsitrioli lawama zote, lakini tiba haikuwa.

Kuhusu kinga, kuna utafiti wa Marekani uitwao VITAL, uliotoa majibu mwaka 2018. Watu 25,871, nusu wakimeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa miaka kama 5. Waliopata kansa: 793 kwa 824. Karibu sawa. Waliokufa kwa kansa: 154 kwa 187. Hapo pana kapengo, ila kwa hesabu kanaweza kuwa bahati tu. Mimi naona kapengo hako kanastahili kufuatiliwa, pengine vitamini D inachelewesha kansa iliyokwishaanza. Lakini "pengine" haiuzwi dukani kama dawa.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima damu za Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, wastani wao ukawa nanomoli 115 kwa lita. Hicho ni kiwango ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii. Watu hawa wanashinda nje, vidonge vya nini? Kweli wapo wanaopungukiwa, hasa wanaoshinda ndani kutwa. Hao wapimwe, wameze kwa ajili ya mifupa, sina ugomvi.

Kinachoniuma ni hiki. Ujumbe wa "aote jua" unamfikia pia mwenzetu mwenye ualbino, na kwake jua ndilo linaloleta kansa ya ngozi. Pale KCMC Moshi watu wametengeneza mafuta ya kumkinga na jua, halafu sisi tunamtumia meseji aende akalale juani! Unamfikia na mama mwenye kansa ya shingo ya kizazi, ambayo inaletwa na kirusi, na chanjo yake wasichana nchini wanapewa tangu 2018. Mama huyo akiacha mionzi miezi sita akiota jua, akirudi hospitali ugonjwa umeshasambaa.

Kwa hiyo wanasayansi wenzangu, kabla hujabonyeza kutuma, uliza mambo matatu. Ni kisahani, panya au mtu? Dozi gani? Wamelinganishwa na nani? Tunayafundishwa haya kila siku, tunayadesa usiku wa mtihani, halafu tunayasahau mtihani ukiisha. Kule kijijini mzee akisikia "mwanangu yuko chuo kikuu, kasema", anaamini moja kwa moja, haulizi mara mbili. Usimpe nusu ya sentensi.

Naomba kuwasilisha.