Gari kuukuu lifufuliwe, lakini si kwa fedha za mbegu

SI ajabu, katika nyua za Dodoma, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, kukuta gari kuukuu limeegeshwa juu ya mawe: Land Rover 109, Peugeot 504 au pikapu ya Datsun. Kuku hutagia ndani yake na watoto huchezea usukani. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita na mizani, mwenye gari huanza kupiga hesabu ya kilo.

Asiwe na haraka. Wapo walimu, wauza nafaka na mafundi cherehani ambao jioni huvaa ovaroli na kufufua magari ya namna hiyo nyumbani kwao. Kwao ni burudani, na kwa vijana wanaoshika spana pembeni ni darasa. Mwishowe gari hilo huweza kufikisha magunia soko la mahindi la Kibaigwa.

Nyanda za kati zinafaa kwa kazi hiyo. Mvua za Dodoma ni chache, nyingi kati ya Desemba na Aprili, na hakuna hewa ya chumvi kama Pwani, hivyo kutu hutembea polepole. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya alumini, lakini chesisi ni ya chuma na ndiyo inayooza. Kabla ya kutoa shilingi, ikwanguliwe na kugongwa kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma. Ikitoboka sehemu nyingi, bora gari hilo liwe la kutoa spea.

Muda nao si adui tena. Bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo gari lililosimama halimlimbikizii mwenyewe deni hilo. Hata hivyo, kama namba za chesisi na injini hazilingani na kadi, jambo hilo limalizwe kwanza. Na anayefunga injini nyingine, kama wengi wanavyofunga ya dizeli ya Toyota, apeleke taarifa TRA ili kadi irekebishwe.

Hatari iko kwa wanaoongeza nguvu ya injini na majani ya springi huku breki zikibaki zile zile. Mteremkoni, magunia yakiwa mgongoni, springi haisimamishi gari. Raba za breki zilizokauka na matairi yaliyopasukapasuka vitangulie. Rangi na redio vije mwisho.

Lakini kosa kubwa zaidi liko mfukoni. Kiangazi, Mei hadi Novemba, ndicho kipindi kizuri cha kufanya kazi uani, na ndicho ambacho mkulima ana fedha za mavuno. Gari hujua kuzimeza: leo gasketi, kesho ringi za pistoni, keshokutwa giaboksi. Desemba mvua inaanguka, na mbegu ya alizeti haijanunuliwa. Gari linaweza kukaa juu ya mawe mwaka mwingine. Mvua haimsubiri mtu.

Hivyo basi, baada ya kuuza mazao, chakula cha nyumbani, mbegu, malipo ya kulimiwa na mahitaji ya shule vitengwe kwanza. Kinachobaki ndicho fungu la gari, nalo likiisha, spana ziwekwe chini hadi msimu ujao.

Wapo watakaosema fedha hizo zingenunua pikipiki ya matairi matatu. Ni kweli, na anayetafuta faida ya haraka anunue hiyo. Gari kuukuu ni la anayeipenda kazi yenyewe. Naye pia awe na daftari linaloonyesha kila nati iliyonunuliwa, kwani mali bila daftari huisha bila habari.