Uwanja wa mpira si soko: Kibara waandikishane kabla ya kutoa ardhi

Tangu Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa mwaka 2023 uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, habari za viwanja vipya zimekuwa nyingi. Si ajabu siku moja mwenye timu akabisha hodi kijijini kuomba eneo. Kwa mkulima wa pamba na mchuuzi wa dagaa wa Kibara, swali si timu gani itacheza, bali ni nani atanufaika.

Hesabu ni rahisi. Ligi Kuu ya timu 16 humpa kila mwenyeji mechi 15 za nyumbani kwa msimu. Mama lishe anayetegemea uwanja ana siku 15 za mauzo makubwa kati ya siku 365, wakati mwalo na soko hufanya kazi mwaka mzima. Hata hizo 15 hazina uhakika. Biashara United ya Mara ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, ikashuka mwaka 2022. Uwanja wa Karume, Musoma, haukuhama. Waliopungua ni wageni wenye fedha za kununua.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye ardhi. Huko Los Angeles, Marekani, wakazi wa Chavez Ravine, wengi wao wenye asili ya Mexico, waliambiwa mwaka 1950 wahame ili zijengwe nyumba za watu wa kipato cha chini. Nyumba hazikujengwa. Eneo likaishia kwa Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya besiboli ya Dodgers. Mei 1959 familia za mwisho zilitolewa kwa nguvu, na mwaka 1962 uwanja ukafunguliwa. Biashara ilistawi, lakini waliohamishwa hawakuwa wabia.

Hii haina maana kwamba mwekezaji ni adui. Azam FC ilijenga uwanja wake Chamazi, Dar es Salaam, bila kusubiri Serikali. Kinachotakiwa ni makubaliano ya maandishi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hivyo basi, wananchi wana nguvu ya kuweka masharti. Kwanza, ardhi ikodishwe, isitolewe moja kwa moja. Pili, matumizi yatajwe, na yakibadilika ardhi irudi kijijini. Tatu, kijiji kipate asilimia ya viingilio, na wenyeji watengewe vibanda. Nne, fidia ya mashamba ilipwe kabla greda halijaingia.

Mwenye nia njema hataogopa kutia saini. Anayetaka makofi tu mkutanoni, aachwe aende na mpira wake.