Eti Wabongo hatutalii!

Kuna sentensi moja imenichosha masikio. Utaisikia kwenye semina, kwenye redio, kwenye hotuba za kila uzinduzi: "Watanzania hatuna utamaduni wa kutalii." Inasemwa kana kwamba ni ugonjwa tuliozaliwa nao. Jamani! Leo naomba tuichambue, maana mimi naiona ni uongo, tena uongo wenye faida kwa wanaousema.

Kilichoniwasha ni hiki. Jamaa yangu mmoja anayeishi Marekani kanitumia picha za safari yake. Yeye na wenzake walikodi gari, wakazunguka siku kumi katika majangwa ya Utah na Arizona, hifadhi hadi hifadhi, korongo hadi korongo. Picha nzuri, sina ubishi. Chini yake kaandika: "Nyie Wabongo mtatoka lini?"

Ndugu yangu, Wabongo wanatoka kila siku. Alfajiri wanatoka Nyandira, kule Mgeta, wamekaa juu ya magunia ya kabichi na matenga ya karoti, wanashuka Milima ya Uluguru kwenda sokoni Morogoro. Wanaona mawingu yakiwa chini yao. Tofauti yao na wewe ni kwamba hakuna aliyewaambia kuwa hiyo ni safari ya kitalii.

Twende taratibu. Aliyewahi kupanda basi la Dar kwenda Iringa au Mbeya anajua kinachotokea Mikumi. Barabara kuu inaipasua hifadhi ile kwa kilometa zipatazo 50. Basi likiingia tu, simu zinatoka, watoto wanapakatwa dirishani, aliyeona tembo kulia anawaita wa kushoto. Hata yule mzee aliyekuwa anakoroma tangu Chalinze anaamka kuuliza twiga wako upande gani. Hao ndio watu wasio na utamaduni wa kutalii?

Hifadhi ya Mikumi ipo tangu 1964. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa dola. Lakini kiingilio bila gari ni tiketi ya kusimama getini, kwa sababu kule simba hawaendewi kwa miguu. Gari la kukodi kwa siku nzima ndilo linalofunga mjadala katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto wanne.

Utaniambia: mbona vijana wanajaza baa kila wikiendi, hela si wanazo? Wanazo kidogo, ndiyo. Na baa inafikika kwa bodaboda. Niwekee Hululu panapofikika hivyo, halafu tuhesabu watu.

Hululu ni maporomoko ya maji yaliyoko Bunduki, huko huko Mgeta. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakutoa Dar hadi Morogoro kwa chini ya saa mbili. Safi sana! Sasa jaribu kuendelea. Unaiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mzumbe, unafika Mlali, kisha mlima unaanza. Kuanzia hapo ni udongo na kona, bonde liko upande wako. Masika dereva anashuka kwanza kutazama njia kwa macho yake ndipo aamue. Ukifika unakuta mashamba yaliyokatwa kama ngazi, mifereji ya maji, mapeasi, mbuzi wa maziwa waliotokana na wale walioletwa kutoka Norway miaka ya 1980, na baridi ya kuvaa koti mwezi wa saba. Juu kabisa kuna msitu na uwanda wa Lukwangule.

Msitu ule mwaka 2008 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Mto Mgeta unashuka kuungana na Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo watu wa Mgeta wanatupa maji, wanatupa mboga na wanaishi kando ya msitu wasioruhusiwa kuukata. Sisi tunawapa nini? Tunawapa mihadhara. Eti wanaharibu mlima.

Mihadhara hii si mipya. Kuanzia 1950 mkoloni alikuwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi Uluguru, akawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ngumu, faida haionekani, na kwenye miteremko mingi udongo mzuri ulifukiwa chini, ukaja juu ule usiozaa. Julai 1955 watu wa Matombo walichoka. Zikatokea ghasia, mtu mmoja akauawa, mpango ukafa. Wakati huohuo wakulima wa Mgeta, palipokuwa na maji ya mfereji na soko la mboga, walilima kwenye matuta bila kuchapwa. Fundisho liko wazi: mtu hutunza mlima unaomlipa.

Sasa nikupeleke Isimila, kama kilometa 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya. Hilo ndilo korongo letu, bwana wa Arizona. Nguzo za udongo zimesimama ndefu kuliko nyumba, na chini yake yametapakaa mashoka ya mawe ya watu walioishi hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Wataalamu walianza kuyatambua mwaka 1951. Nguzo zile zimechongwa na maji ya mvua yaliyobeba udongo. Maji hayohayo yakibeba udongo wa mama wa Mgeta tunaita uharibifu, tunamlaumu yeye. Yakiubeba mahali pasipo shamba la mtu tunaita kivutio, tunakata tiketi.

Hapo ndipo uongo ule unapopata faida yake. Ukishasema wananchi hawapendi utalii, huna haja ya kuwauliza chochote. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 150 wa mradi wa REGROW, wa kukuza utalii wa kusini: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Selous ya wakati ule. Aprili 2024 benki hiyohiyo ilisimamisha malipo, baada ya madai ya wanavijiji wa jirani na Ruaha kuwa wanateswa na kuondolewa. Utalii uliopangwa bila jirani unaishia kugombana na jirani.

Hata huko Arizona kulikuwa na watu. Grand Canyon ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919, wakati Wahavasupai walikuwa wakiishi humo tangu zamani. Mwaka 1975 walirudishiwa sehemu ya ardhi yao. Leo anayetaka kuona maporomoko yao anaomba kibali kwao, na pesa anawalipa wao.

Basi mimi nataka mambo matatu. Barabara ya Mgeta itengenezwe kwa ajili ya karoti, mtalii atadandia. Mikumi liwepo basi la umma la kuzunguka hifadhini kila Jumamosi na Jumapili, nauli ya mtu wa kawaida. Na kila anayekwenda Hululu aongozwe na kijana wa Bunduki, alipie kijijini, apewe risiti.

Mkishafanya hayo matatu na bado tukabaki nyumbani, njooni mtutukane. Kwa sasa msituambie hatutalii. Tuambieni basi linaondoka saa ngapi.