Umeme ukikatika, makala yabaki nje

Mnamo Februari 2021, dhoruba ya theluji na barafu ilikata umeme katika nyumba zaidi ya milioni 4 kwenye jimbo la Texas, Marekani, ambako wanaishi pia Wakongomani. Mtandao wa Texas umejitenga na majimbo jirani, hivyo msaada ulikuwa mdogo. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi kwa baridi. Lakini wengine waliuawa na kaboni monoksidi, baada ya kuwasha makala, jenereta ao gari mahali palipofungwa.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hapa Goma na Bukavu, wakaaji wengi huamini makala yasiyotoa moshi ni salama. Sivyo. Mbabula isilale chumbani. Kichwa kikiuma, tokeni nje upesi.