Zahanati zapakwa rangi, daktari yuko kijiweni

Mwaka 2007 serikali ya CCM ilileta mpango ikauita MMAM. Kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya, ndani ya miaka kumi. Hiyo miaka kumi iliisha 2017. Hesabu mwenyewe kata unazozijua.

Lakini tuyaache majengo. Majengo wanayapenda, yana utepe wa kukata. Swali langu ni moja: humo ndani kuna nani?

Mwaka huohuo wa 2017, baada ya mgomo mrefu wa madaktari wa Kenya, Rais Magufuli alikubali kuwapelekea majirani madaktari wetu 500. Mia tano! Mahakama ya kule ikazuia. Ndipo Aprili tukasikia madaktari 258 walioomba kwenda Kenya waajiriwe hapa hapa, mara moja. Soma tena, kijana mwenzangu. Watu 258 waliosomea kutibu hawakuwa na ajira ya serikali, na nafasi zilipotakiwa zikapatikana. Ilibidi Mkenya akwame kwanza ndipo zionekane!

Wakubwa wakiugua, ndege ya India. Wewe wa Manzese au Mbagala ukishikwa na homa unakwenda duka la dawa, unanunua vidonge vinne, hata nusu dozi havifiki. Ukipata kisonono ndiyo kabisa, unamnong'oneza muuzaji. Presha ya mzee wako inagundulika siku ameanguka chooni, mnakodi bajaji kumkimbiza Muhimbili.

Daktari wa familia kazi yake ni kuyawahi hayo. Anakaa katani, anaijua nyumba yenu, presha ya mzee anaipima kabla hajaanguka, anajua nani aende hospitali kubwa na nani anatibika hapo hapo. Simdharau tabibu wa zahanati, maana mzigo wote ameubeba yeye. Ila naye anahitaji mtu wa kumuuliza jambo likimshinda.

Watasema fedha hakuna. Aprili 2001 kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi afya itapata asilimia 15 ya bajeti. Muulize mbunge wako tumeifikia mara ngapi.

Na diwani akija kuomba kura asikuonyeshe bati jipya. Mwambie akutajie daktari wa kata yenu: yuko wapi, analala nyumba gani, na mshahara wake unatoka tarehe ngapi.